Visiwa vinavyoelea bandarini: yanayosemwa na ukweli wake

Mwaka 2018 mafundi boti wa Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, walishusha majini kisiwa cha mbao kilichoundwa kwa mikono, chenye mita za mraba 20 tu na mti wa linden wa mita 6 katikati. Kilipewa jina CPH-Ø1. Wabunifu wake ni Marshall Blecher kutoka Australia na Magnus Maarbjerg wa studio ya Fokstrot, na nia yao tangu mwanzo ilikuwa kisiwa hicho kiwe cha kwanza kati ya vingi: kimoja cha kuotea jua, kingine jukwaa la muziki, kingine bustani, vyote vikihamishwa kutoka kona moja ya bandari hadi nyingine kulingana na msimu. Hakuna kiingilio. Mwenye kayaki anafunga kamba, muogeleaji anapanda na kujilaza.

Nimependa wazo hilo tangu nilipolijua, na ndiyo maana yananiuma yanayosemwa juu yake, ya kulisifu na ya kulibeza.

"Visiwa vya kutengeneza vyote vinaelea."

Vingi havielei. Little Island ya New York, bustani iliyofunguliwa mwaka 2021 katika mto Hudson, imesimama juu ya nguzo 280 za zege zilizopigwa chini ya mto. Palm Jumeirah ya Dubai ni mchanga uliomwagwa baharini. Ukishamwaga mchanga au kupiga nguzo, huwezi kurudi nyuma. Kinachoelea unaweza kukifungua, ukakivuta kwa boti na kukipeleka kwingine, na chini yake bahari inabaki bahari.

"Kitu kizito kitazama."

Mjini Seattle magari hupita kila siku juu ya daraja la zege linaloelea lenye urefu wa mita 2,350, lililofunguliwa mwaka 2016. Linabebwa na mapantoni 77, yaani maboya makubwa ya zege yenye vyumba vitupu ndani. Chombo huelea iwapo uzito wa maji kinayoyasukuma unalingana na uzito wake, iwe ni mbao, chuma au zege. Hatari ni maji kuingia ndani ya vyumba hivyo. Novemba 1990 daraja jingine la mji huohuo lilizama likiwa kwenye ukarabati, baada ya mapantoni yake kujaa maji wakati wa dhoruba. Kwa hiyo anayetaka kujua usalama wa kisiwa aulize kimegawanywa vyumba vingapi, na nani anavikagua.

"Kikielea vizuri kitupu, kitawabeba watu vilevile."

Hapa ndipo michoro mingi mizuri inapofeli. Chukua jukwaa la mraba la mita za mraba 20. Watu kumi wa wastani, kilo 75 kila mmoja, wakisambaa sawasawa watalishusha chini ya sentimita 4. Hakuna atakayeshtuka. Sasa boti yenye ngoma ipite, wote kumi wakimbilie ukingo mmoja kuitazama. Ukingo huo unaweza kushuka mara tatu au nne ya hapo, na kama mbao zilikuwa karibu na maji, miguu imeshalowa na wasio na uzoefu wameanza kupiga kelele. Msanifu lazima apige hesabu ya umati uliojazana upande mmoja, kwa sababu umma ndivyo unavyofanya.

Dawa ya kwanza ni upana. Ukiongeza upana mara mbili, kwa urefu uleule, nguvu ya jukwaa kukataa kulala upande inaongezeka mara nane hivi. Dawa ya pili ni kuweka uzito chini, kama nahodha anavyopakia farumi, yaani mzigo wa kutuliza chombo.

Na mti je? Wengine wanadhani mti wa Copenhagen ni pambo la kupigia picha. Mti huo ni sehemu ya hesabu. Mita moja ya ujazo ya udongo ulioloa inaweza kukaribia tani 2, kwa hiyo ukiukalisha katikati na chini unakuwa farumi. Ukiupeleka pembeni unakuwa balaa. Juu, majani yake yanashika upepo kama tanga. Mti mmoja tu, tena katikati, unapunguza hatari hiyo. Unahitaji pia maji ya kunywa yasiyo na chumvi na mtu wa kuyaleta, jambo ambalo picha haionyeshi.

"Kisiwa kinaua viumbe vilivyo chini yake."

Inategemea unakiweka wapi. Juu ya majani ya bahari au matumbawe kivuli chake kitaleta madhara, na hapo pasijengwe. Katika bandari ya zamani yenye kuta za zege na tope, upande wa chini wa jukwaa unakuwa mahali pa mwani na kome kushika, na samaki wadogo kujificha. Wabunifu wa Copenhagen waliutaka uwe hivyo. Lakini kome wana uzito, na kila msimu wanaongezeka. Lazima kuwe na mpiga mbizi wa kukwangua na bajeti ya kumlipa.

"Kinachoelea hakiogopi dhoruba."

Shule inayoelea ya Makoko, Lagos, iliyobuniwa na Kunlé Adeyemi na kukamilika mwaka 2013, ilibebwa na mapipa ya plastiki. Juni 2016 iliporomoka kwenye mvua kubwa. Wanafunzi walikuwa wameshahamishwa. Wazo halikufa. Adeyemi aliendelea kuliboresha, na mwaka 2021 jengo la muziki la ukoo huohuo lilielea katika ghuba ya Mindelo, Cape Verde. Kuelea kunakuokoa na maji yanayopanda, ila mawimbi, upepo na kutu ya minyororo havikuachi.

"Bandari yoyote inafaa."

Miaka ya tisini mwanzoni bandari ya Copenhagen ilikuwa ikipokea majitaka na taka za viwanda. Jiji likajenga mahandaki na matangi ya kuhifadhi maji ya mvua kubwa ili mabomba ya majitaka yasifurike baharini, na mwaka 2002 bwawa la kuogelea la Islands Brygge likafunguliwa ndani ya bandari hiyohiyo. Hadi leo mvua ikizidi, watu huonywa wasiingie majini. Kisiwa kilikuja miaka 16 baada ya bwawa. Mji unaomwaga majitaka mbele ya gati ukianza na kisiwa, utakuwa umejenga kiti cha kutazama uchafu.

Halafu kuna kupwa na kujaa. Copenhagen bahari hupanda na kushuka kidogo mno. Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, wakati wa bamvua, yaani maji makuu, maji yanapishana kwa zaidi ya mita 3. Daraja la kushukia ambalo mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kulipita linahitaji kama mita 12 za urefu kwa kila mita 1 ya mteremko. Maji yakipwa kabisa, hilo ni daraja la mita 36 au zaidi, pengine refu kuliko kisiwa chenyewe.

"Kikishajengwa ni cha umma."

Visiwa vinavyoelea vya Sevit kwenye mto Han, Seoul, vilikamilika mwaka 2011 lakini vikafunguliwa kikamilifu mwaka 2014, baada ya mabishano makali kuhusu gharama na uendeshaji. Sehemu kubwa ni kumbi na migahawa. Si vibaya kula pale, ila asiye na pesa anabaki mgeni. Hata CPH-Ø1, ninayoipenda, inamtaka mtu awe na boti au ajue kuogelea. Bibi mwenye fimbo hafiki. Kwa hiyo mtu akinionyesha mchoro wa kisiwa cha umma, naanza kutazama lile daraja la kushukia: lina urefu gani, lina vishikio, na saa kumi na mbili jioni nani ana ufunguo wa geti lake.