Gitaa la slaidi: kuliandaa maana yake nini?

Mtu akikwambia gitaa lake "limeandaliwa kwa slaidi", usidhani kuna mtambo umefungwa ndani. Mara nyingi ni gitaa lilelile la kawaida, ila nyuzi zimeinuliwa kidogo, zimekuwa nene zaidi, na zimetuniwa (zimekazwa au kulegezwa zitoe sauti zinazotakiwa) kwa namna nyingine. Ukilichukua na kujaribu kubana kodi ulizozoea (za muziki, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, si za serikali), vidole vitauma upesi na huenda ukasema bovu. Si bovu, limepewa kazi nyingine.

Slaidi yenyewe ni mrija mfupi wa kioo, chuma, shaba au kauri, unaovaliwa kidoleni kama pete ndefu na kutelezeshwa juu ya nyuzi. Zamani watu walikata shingo ya chupa, wakalainisha makali yake, wakaivaa. Wengine walitumia kisu: mwanamuziki W. C. Handy alisimulia kwamba mnamo 1903 hivi, akisubiri treni huko Tutwiler, Mississippi, alimwona mtu akipiga gitaa kwa kubonyeza kisu kwenye nyuzi, na sauti ile ikamshangaza. Kabla ya hapo, huko Hawaii, Joseph Kekuku anatajwa kuwa ndiye aliyeanzisha mtindo wa kutelezesha chuma juu ya nyuzi gitaa likiwa limelazwa mapajani. Hilo la mapajani lina maandalizi yake, nitaligusa kidogo tu. Hapa nazungumzia zaidi gitaa linaloshikwa kifuani kama kawaida.

Sasa kiini cha jambo. Katika upigaji wa kawaida kidole hukandamiza uzi mpaka ugote freti (vile vipande vyembamba vya chuma vinavyokatiza shingo), na freti ndiyo inayoamua sauti. Kwa slaidi, uzi haugusi freti hata kidogo. Mrija ndio freti, freti inayotembea, na ndiyo maana gitaa linaweza kulia kama mtu, likipita hata kwenye sauti zilizo katikati ya freti mbili. Freti zilizopigiliwa kwenye ubao zinabaki kuwa alama za njiani tu. Ukitaka sauti ya freti ya 5, mrija unaukalisha juu ya waya wa freti yenyewe, si nyuma yake pale unapoweka kidole siku zote. Wanaoanza hukosea hapo, kisha wanalaumu tuni.

Kwa hiyo uzi una kazi mpya, nayo ni kubeba mzigo. Karibu kila kitu kinachoitwa kuandaa gitaa kwa slaidi ni kuusaidia uzi ubebe mrija bila kuzama.

Uzi ukiwa chini sana, mrija unausukuma mpaka freti zinagongwa, ta-ta-ta, kama mtu anayeburuta kijiko kwenye ngazi. Kimo cha nyuzi hupimwa kwenye freti ya 12, kutoka kilele cha freti hadi tumbo la uzi. Gitaa la umeme la kawaida huwa na milimita 1.5 hadi 2. Kwa slaidi wengi huishia kati ya 2.5 na 3. Mimi la kwanza nililipandisha hadi likawa kama kamba ya kuanikia nguo, nikidhani juu zaidi ni bora zaidi. Kweli slaidi iliteleza vizuri, lakini kila nilipotaka kubana noti moja kwa kidole, uzi ulivutika ukatoa sauti ya juu kuliko inavyotakiwa. Kama unachanganya vidole na slaidi, na wapigaji wengi huchanganya, kimo cha wastani ndicho kinachofaa.

Kwenye gitaa la umeme, kimo unakipandisha kwa skrubu ndogo za pale nyuzi zinapokalia, mwisho wa gitaa. Kwenye gitaa kavu, lisilo la umeme, hakuna skrubu: unabadilisha kile kipande cha mfupa kinachobeba nyuzi pale mwisho, unaweka kirefu zaidi. Usikitupe cha zamani.

Watu husahau upande wa pili, yaani nati. Nati ya gitaa si ile ya kukazwa kwa spana. Ni kipande cha mfupa au plastiki chenye mifereji sita, pale shingo inapokutana na kichwa. Mifereji ikiwa imechimbwa chini sana, utapandisha upande ule mwingine mpaka uchoke, na bado mrija utagonga freti ya 1, ya 2 na ya 3. Kuna kofia ya chuma inayovikwa juu ya nati na kuziinua nyuzi sana. Inashikiliwa na mvuto wa nyuzi tu, haina gundi, na ukiitoa gitaa linarudi lilivyokuwa. Hiyo ndiyo njia rahisi ya kugeuza gitaa la kawaida kuwa la mapajani, ila ikiwepo sahau kubana kwa vidole.

Halafu kuna umbo. Mrija umenyooka, lakini ubao wa shingo ya gitaa nyingi una mgongo, na nyuzi zinafuata mgongo huo. Gitaa za zamani za Fender zilikuwa na mviringo wa nusu kipenyo cha inchi 7.25, mgongo wa kuonekana kwa macho. Ukilaza mrija pale unakaa kwanza juu ya nyuzi za kati, na ili uzifikie za pembeni inabidi ukandamize, jambo ambalo ndilo tunalolikimbia. Ubao wa nusu kipenyo cha inchi 12 au zaidi ni tambarare kidogo na unasamehe mengi. Kama huwezi kubadilisha ubao, inua nyuzi za pembeni zaidi kidogo kuliko za kati, mstari unyooke.

Unene wa nyuzi. Seti nyepesi ya gitaa la umeme ina uzi wa kwanza wa inchi 0.009 au 0.010. Huo unapinda chini ya mrija wa shaba. Kwa slaidi panda hadi 0.011, 0.012, hata 0.013. Anayefaidika zaidi ni uzi wa kwanza, maana ndio unaobeba wimbo mara nyingi na ndio mwembamba kuliko wote.

Unene huo unaendana na tuni. Wapigaji wengi wa slaidi hutumia tuni wazi, yaani ukipiga nyuzi zote bila kushika kitu unapata kodi kamili. Tuni wazi ya G, kuanzia uzi mnene, ni D G D G B D (herufi ni majina ya noti). Ya D ni D A D F# A D, na ukiipandisha yote unapata ya E: E B E G# B E. Mrija ukilala sawasawa kwenye freti moja unatoa kodi nzima, jambo ambalo tuni ya kawaida haikupi. Lakini angalia mvuto. Kwenda G au D unalegeza nyuzi kadhaa, kwa hiyo zikiwa nyembamba zinakuwa kama tambi. Kwenda E unakaza tatu, na shingo inavutwa zaidi. Kwenye gitaa kavu lenye nyuzi nene mimi nabaki D, nikihitaji E nafunga kapo (kibanio kinachobana nyuzi zote) freti ya 2.

Kila ukibadilisha unene au tuni, shingo inaweza kujipinda, basi pima kimo upya. Chuma kilichomo ndani ya shingo kinakazwa robo mzunguko kwa wakati, si zaidi.

Mrija nao uuchague kwa nyuzi ulizonazo. Shaba ni nzito na sauti yake hudumu, inataka nyuzi nene. Kioo ni laini zaidi kusikia. Mpiga slaidi Duane Allman alitumia kichupa cha dawa cha kioo, akikivaa kidole cha pete. Mwenzake Bonnie Raitt huvaa kidole cha kati. Wengi huvaa cha mwisho ili vitatu vibaki huru kubana kodi.

Kuna kelele moja ambayo skrubu haziiondoi: mvumo wa nyuzi nyuma ya mrija, upande wa nati. Hiyo inazimwa kwa vidole vilivyo nyuma ya slaidi, vikigusa nyuzi kama manyoya, bila kubonyeza. Kabla hujalaumu gitaa, jaribu hilo.

Ukiwa na gitaa moja tu, anza na nyuzi na tuni, piga wiki nzima, ndipo ushike bisibisi. Kipimo changu ni hiki: laza mrija kwenye freti ya 12 kwa uzito wake wenyewe, piga uzi mmojammoja, kisha shuka polepole hadi freti ya 1 ukisikiliza. Ikigonga kwenye uzi wa kwanza peke yake, inua huo mmoja, nyingine ziache.