Je, wajua jinsi tunda na wanga vinavyogeuka karatasi ya kufungia chakula?

Saga tunda bivu, pika rojo lake pamoja na wanga kidogo, litandaze jembamba juu ya bapa laini, kisha liache likauke. Utakachobandua ni utando wenye rangi ya tunda lenyewe: unapinda bila kukatika, unapitisha mwanga, na ukimaliza kula kilichofungwa ndani yake unautafuna nao. Hamna plastiki humo hata chembe. Kinachoushika ni nini, basi? Na kama mambo ni rahisi hivyo, mbona vyakula vingi bado vinafungwa kwa plastiki? Maswali yote mawili yana jibu moja, nalo ni maji.

Tuanze na wanga. Uwe wa muhogo, wa mahindi au wa viazi, wanga hukaa katika punje ndogondogo zilizosheheni molekuli za aina mbili, na zote mbili ni glukosi zilizoungana. Amilosi ni mnyororo mrefu ulionyooka. Amilopektini ina matawi mengi. Katika wanga wa kawaida amilosi huwa robo hivi au pungufu, lakini ndiyo yenye kazi kubwa, kwa sababu minyororo iliyonyooka hulala sambamba na kushikana vizuri kuliko yenye matawi. Ndiyo maana wanga wenye amilosi nyingi hutoa utando imara zaidi.

Ukiutia wanga kwenye maji baridi, punje zinazama chini na mambo yanaishia hapo. Joto likifika kati ya nyuzi 60 na 75 za Selsiasi, kutegemea mmea, punje zinaanza kuyafyonza maji, zinavimba, zinapasuka, na amilosi inatoka nje. Yeyote aliyewahi kukoroga uji anakijua kipindi hicho, pale mwiko unapokuwa mzito ghafla.

Sasa umwage uji huo uwe mwembamba na uukaushe. Kila glukosi ina vishikio vya oksijeni na haidrojeni, ambavyo ndani ya uji vilikuwa vimeshikana na maji. Maji yakiondoka, vishikio hivyo vinabaki vitupu na kukamatana vyenyewe, mnyororo kwa mnyororo. Kifungo kimoja cha namna hii, kiitwacho kifungo cha haidrojeni, ni dhaifu sana. Lakini vikiwa mabilioni kwa mabilioni, unapata kitu unachoweza kukivuta kisichanike upesi, ingawa unene wake kwa kawaida haufiki hata theluthi moja ya milimita.

Tatizo ni kwamba minyororo ikikamatana mno, utando unakakamaa. Utando wa wanga mtupu ukikauka sawasawa huvunjika ukiukunja. Dawa yake ni gliseroli, kimiminika kizito chenye utamu kinachopatikana kutoka kwenye mafuta na ambacho tayari kinatumika katika vyakula. Molekuli zake ni ndogo, hivyo hujipenyeza kati ya minyororo na kushika baadhi ya vishikio, na minyororo inapata nafasi ya kuteleza. Mara nyingi huwekwa gramu 20 hadi 40 kwa kila gramu 100 za wanga. Ukizidisha, utando unalegea na kunata vidoleni.

Tunda, kwa upande wake, linakuja na vifaa kamili. Lina pektini, ile inayogandisha jemu. Lina nyuzinyuzi za selulosi zinazouimarisha utando kwa ndani. Lina asidi inayosaidia pektini kushikana, na lina sukari, ambayo inafanya kazi ileile ya gliseroli. Rojo la tunda likikaushwa peke yake linatoa utando bila msaada wowote. Kasoro yake ni kwamba sukari huwa nyingi kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo utando unanata na kuchanika kirahisi. Wanga ndio unaoupa mwili. Tunda lililoiva kupita kiasi halifai sana, maana vimeng'enya vyake vimeshaikatakata pektini, na ndiyo sababu mojawapo ya rojo kupashwa moto mapema: joto huvizima vimeng'enya, na rangi nayo haigeuki kahawia. Wala si lazima litumike tunda ambalo mtu angelila. Maganda ya machungwa na makapi ya tufaha zilizokamuliwa maji ndiyo yanayotoa sehemu kubwa ya pektini ya viwandani.

Wazo lenyewe si jipya. Wajapani kwa muda mrefu wamekuwa wakitumia oblaat, karatasi nyembamba ya wanga inayoyeyuka mdomoni, kufungia peremende zinazonata na kumezea dawa chungu. Utando wa matunda ulikuja kuchunguzwa kwa kina katika miaka ya 1990 kwenye maabara ya Idara ya Kilimo ya Marekani iliyoko Albany, California, ambako Tara McHugh na wenzake walipima ni kiasi gani cha oksijeni na mvuke wa maji kinachopenya. Utafiti wao uliotoka mwaka 2000 ulionyesha kwamba vipande vya tufaha vilivyofunikwa kwa utando wa tufaha viligeuka kahawia polepole zaidi na kupoteza maji kidogo kuliko vilivyoachwa wazi. Nchini Brazili, watafiti wa Embrapa, shirika la utafiti wa kilimo la nchi hiyo, mjini São Carlos wametengeneza utando wa papai, wa pasheni, wa nyanya na hata wa spinachi.

Vipimo hivyo vya upenyaji vina jambo linalowashangaza wengi. Katika hewa kavu, utando wa wanga na tunda huizuia oksijeni vizuri sana, kuliko hata plastiki laini ya polithini tunayoijua kwenye mifuko. Oksijeni haipatani na molekuli zinazopenda maji, na minyororo iliyobanana haiiachii njia ya kupita. Mafuta nayo hayapenyi. Kwa njugu, ambazo huharibika kwa sababu oksijeni inayachachusha mafuta yake, kinga ya namna hiyo ina maana kubwa.

Mvuke wa maji ni habari nyingine. Hapo polithini inaushinda utando huu mara mia na zaidi. Vishikio vilevile vilivyokamatana maji yalipoondoka huachiana maji yanaporudi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, utando unavimba na kulegea, na hata ile sifa ya kuizuia oksijeni inapotea. Ukiumwagia maji ya moto, hauchukui muda kurudi kuwa rojo. Kuna tabu nyingine isiyotajwa mara nyingi: hata ukiwekwa mahali pakavu, minyororo ya wanga huendelea kujipanga polepole na kubanana. Ni jambo lilelile linaloufanya mkate wa jana uwe mgumu. Utando ulionyumbulika vizuri wiki ya kwanza unaweza kuvunjika baada ya wiki kadhaa.

Watafiti wamejaribu mengi. Njia iliyozoeleka ni kuchanganya nta ya nyuki, au nta ya mkarnauba, mti wa Brazili wa jamii ya mnazi, ili mvuke ukutane na kitu kisichopenda maji. Inasaidia, ila utando haupitishi tena mwanga vizuri, unakuwa rahisi kupasuka, na nta ikizidi ulimi unaihisi. Wengine huongeza nyuzi za selulosi zilizosagwa zikawa ndogo kabisa. Wengine hutia mafuta ya mdalasini au ya oregano, ambayo huzuia ukungu na bakteria; hapo utando unakuwa kifungashio na kihifadhi kwa pamoja, mradi mlaji asichukizwe na harufu.

Kiwanda nacho kina lake la kusema. Plastiki huyeyushwa na kusukumwa nje ya mashine ikiwa tayari imekuwa utando. Uji wa wanga na tunda umejaa maji, na maji hayo lazima yakaushwe. Bila mtambo maalumu kazi hiyo inaweza kuchukua saa nyingi. Wanga wenyewe unaweza kupitishwa kwenye mashine za kuyeyusha, lakini ukishatia tunda, sukari yake hunata na kuungua kwenye joto hilo.

Halafu kuna usafi. Karatasi inayoliwa haiwezi kupita mikononi mwa wapakiaji, wachukuzi na wauzaji kisha iingie kinywani, kwa hiyo inahitaji kifuniko kingine cha nje. Ndiyo sababu naona kuuita utando huu mrithi wa plastiki ni kutia chumvi. Mahali pake hasa ni ndani ya pakiti, pale ambapo vipande vidogo hufungwa kimoja kimoja, na pia ndani ya chakula chenyewe: kati ya biskuti kavu na jemu, kwa mfano, tabaka jembamba lenye nta huchelewesha maji yasihamie kwenye biskuti na kuilegeza.

Mahali pengine ni pale ambapo kuyeyuka ndiko kunakotakiwa. Pakiti ya viungo au ya unga wa supu inaweza kutumbukizwa sufuriani ilivyo, bila kuchanwa, na ndani ya muda mfupi utando umeshakuwa sehemu ya mchuzi. Anayefanya hivyo asome kwanza kilichoandikwa nje. Utando wa tunda ni chakula kama vyakula vingine, na mtu mwenye mzio wa tunda fulani atadhurika na karatasi iliyotengenezwa nalo kama ambavyo angedhurika kwa kulila tunda lenyewe.