Mtandamboo: ua wenye maua

Watu wengi wanaofika kwenye kitalu chetu kutafuta ua hai huomba kayaba. Hatuna ugomvi na kayaba. Ng'ombe hapenyi pale. Ila huo ni mmea wa Afrika Kusini, na jina lake limetoka kwa mto Kei wa huko. Vichakani mwetu, kuanzia karibu na pwani hadi nyanda za juu, kuna mtandamboo, ambao Wakikuyu huuita mukawa na Wamaasai olamuriaki. Wataalamu huuandika Carissa spinarum. Vitabu vya zamani, Carissa edulis.

Majani yake ni magumu, yanang'aa, na hukaa mawili mawili. Miiba imenyooka, mingine hufika sentimita 5. Maua ni meupe yenye wekundu kwa nje, yananukia karibu kama asumini, na nyuki hawabanduki. Tunda ni dogo, huanza jekundu likaishia zambarau inayokaribia weusi, tamu. Waulize waliochunga mbuzi utotoni.

Mbegu zioteshwe mbichi, mara tu zinapotolewa kwenye tunda lililoiva, kwani zikikaa hupoteza uhai. Panda miche kwa nafasi ya nusu mita hivi na umwagilie msimu wa kwanza. Baada ya hapo ukame hauusumbui sana. Hukua polepole, hilo nisikufiche. Maua hutoka kwenye ncha za matawi, kwa hiyo anayekata ua wake kila wiki uwe kama ukuta atabaki na miiba tu.

Wanaochuma mbegu porini wawe macho. Msunguti ni wa jamii moja na mtandamboo: majani magumu yaleyale, maua meupe yenye wekundu na harufu nzuri, tunda la zambarau, hata utomvu mweupe ukivunja tawi. Lakini ndio huo Wakamba na Wagiriama walichemsha magome na matawi yake hadi yakawa mazito na meusi kama lami, wakapaka mishale. Sumu yake husimamisha moyo. Msunguti hauna miiba. Basi kabla ya kuchuma, tazama matawi, hasa yaliyokomaa, na usipoona mwiba hata mmoja, usichukue tunda wala usimruhusu mtoto alionje.