Menta si wa kuandika kimemo

Kila mwaka, wiki chache baada ya vyuo kufungua, huwa napata ujumbe wa aina moja: "Shikamoo kaka. Nimepangiwa wewe uwe menta wangu wa MBA. CV yangu hii hapa." Vyuo huwapangia wanafunzi wa MBA, yaani shahada ya uzamili ya biashara, menta: mtu mzoefu wa kazi wa kuwaongoza. CV inafika kabla sijalijua hata jina la mtu. Simlaumu anayeandika. Mimi mwenyewe nilipokuwa nasoma MBA ya jioni hapa Dar es Salaam nilianza hivyo hivyo, tena nikiwa na bahasha ya kaki mkononi.

Dhana: "Menta atanitafutia kazi."

Hii ndiyo mama wa dhana zote. Waliokuwa maofisini enzi za mashirika ya umma wanakikumbuka kimemo: kikaratasi cha mistari miwili kutoka kwa mkubwa, na ajira imepita. Siku hizi tunasema koneksheni, lakini tunachotegemea ni kile kile.

Ukweli ni kwamba hapa kuna watu wawili, nasi tunawachanganya. Menta anakunoa: anapitia kazi yako, anakukosoa, anakusimulia alipojikwaa yeye. Mdhamini ni yule anayekupigania kwenye kikao cha kupandisha vyeo, akaweka jina lake rehani kwa ajili yako. Mwaka 2010 watafiti Herminia Ibarra, Nancy Carter na Christine Silva waliandika katika jarida la Harvard Business Review kwamba mameneja wanawake walikuwa na mamenta wa kutosha ila wadhamini haba, na wanaume ndio waliozidi kupanda. Ushauri mtupu haukuwafikisha mbali. Menta anaweza kugeuka mdhamini, naam, lakini baada ya kuiona kazi yako. Humwombi mtu aweke jina lake rehani siku ya kwanza, chai haijapoa.

Dhana: "Menta lazima awe mkurugenzi."

Mkurugenzi mara ya mwisho kuandika barua ya kuomba kazi alipiga chapa kwa taipureta. Aliyekutangulia miaka mitano ndiye anayejua maswali ya usaili wa mwaka huu, na simu yako atapokea.

Halafu mtazame uliyekaa naye dawati moja. Darasa la MBA ya jioni lina mhasibu wa bandarini, mfamasia, meneja mauzo wa saruji na mtu wa forodha, wote wamechoka na wote wanajua mambo usiyoyajua. Mwanasosholojia Mark Granovetter aliwachunguza wataalamu na mameneja waliokuwa wamebadili kazi huko Newton, karibu na Boston, na mwaka 1973 akachapisha alichokiona. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu, asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Asilimia 55.6 walionana naye mara moja moja, na 27.8 mara moja kwa mwaka au chini ya hapo. Rafiki wa karibu anajua unayoyajua wewe. Habari mpya ziko kwa yule mliyefanya naye kazi ya kikundi muhula mmoja mkapoteana.

Dhana: "Msimamizi wa tasnifu ndiye menta wangu."

Anaweza kuwa. Ila alichopewa na chuo ni kuhakikisha sura ya tatu ya tasnifu yako inasimama, naye ana wenzako wengine wanaomsubiri koridoni.

Dhana: "Menta atanipa majibu."

Menta wangu alikuwa ofisa mikopo wa benki, mwanamke mpole wa sauti, mkali wa kalamu. Nilimpelekea mpango wa biashara: chumba cha baridi cha kuhifadhia samaki, hesabu za miaka mitano kwenye Excel, faida inapanda kama ngazi. Akateremsha kidole mpaka mstari wa 14, gharama za barafu. Miezi 12, namba ile ile.

"Hii bei umeitoa wapi, mdogo wangu?"

Nikasema nimekadiria.

"Feri umefika?"

"Napita kila siku nikienda Kigamboni, dada."

"Sijauliza kupita."

Hakuongeza neno. Jumamosi saa kumi na moja alfajiri nilikuwa sokoni Feri, viatu vimelowa maji ya samaki, mnada umechangamka. Muuza barafu mmoja alinicheka nilipomuuliza bei ya mwezi. Mwezi upi? Giza likiwa zito, wavuvi wa taa wanarudi na dagaa tele, barafu inagombewa. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawafuati taa, mashua zinalala, na barafu inamyeyukia mwenyewe. Mstari wangu ulikuwa na miezi 12 lakini haukuwa na mwezi. Nikaandika upya, faida ya mwaka wa kwanza ikageuka hasara.

Baadaye sana aliniambia kuwa kuna mteja wake alishafilisika kwa jambo hilo hilo. Angeweza kunieleza kwa dakika mbili. Ningeandika kwenye daftari, ningesahau.

Ndiyo maana nawaambia wanaonijia: usije na "naomba ushauri". Swali hilo halina pa kushika. Njoo na karatasi moja, iwe hesabu, barua, au ofa mbili za kazi usizojua uchague ipi, na uitume siku mbili kabla. Ajenda ni yako. Tarehe ya kukutana tena ni wewe unayeikumbusha.

Na kwa dada zangu: ofisini, mchana. Menta anayepatikana hotelini usiku tu, huyo mwache.

Dhana: "Kumbishia menta ni utovu wa adabu."

Shikamoo ina pahala pake, lakini isikufunge mdomo. Nimewahi kumpa mwanafunzi ushauri mbovu kuhusu biashara ya mtandaoni, akaitikia "sawa kaka" mara tatu, akaondoka akafanya anavyojua, na alikuwa sahihi. Angenibishia tungejifunza wote. Isitoshe, kwenye MBA ya jioni mwanafunzi ana miaka 46 na menta 34, sasa nani amwamkie nani? Mwaka 1999 Jack Welch aliyeongoza kampuni ya Marekani ya General Electric aliwaagiza mameneja wake wa juu 500 wafundishwe intaneti na vijana waliokuwa chini yao. Umri haukuwa hoja.

Dhana: "Programu ya chuo ikiisha, na uhusiano umekwisha."

Kathy Kram wa Marekani, ambaye utafiti wake kuhusu mamenta kazini ulichapishwa mwaka 1983, alifuatilia jozi 18 akaona hatua nne: kuanza, kukua, kutengana, na kukutana upya kwa sura nyingine. Kuanza peke yake huchukua miezi 6 mpaka 12. Sasa piga hesabu: programu nyingi za vyuo ni za mwaka mmoja. Zinafungwa ndipo watu wawili wanaanza kuzoeana! Kukua kwenyewe huchukua miaka 2 mpaka 5, na huko chuo hakikupeleki, unajipeleka.

Kutengana nako kupo na si ugomvi. Nilipopata kazi, simu zangu na dada yule zilipungua zikaisha kabisa, nikadhani nimemkosea. Kumbe hapakuwa na kosa. Mwaka jana akapiga yeye. Amestaafu, anataka kufuga kuku wa mayai Mkuranga. "Nimekutumia hesabu, mdogo wangu. Hebu nitazamie."

Nikafungua faili. Chakula cha kuku: miezi 12, namba ile ile.

"Dada, hii bei umeitoa wapi?"