Kwa nini ncha ya pasi ya kulehemu hukataa lehemu?

Umechomeka pasi, umesubiri ipate moto, umegusisha waya wa lehemu, ile metali laini ya kuunganishia vipuri vya umeme, kwenye ncha. Lehemu inayeyuka lakini haishiki. Inajikunja kuwa kidonge, inateleza kama tone la maji juu ya jani la yungiyungi, halafu inadondoka mezani. Ukiitazama ncha unaikuta nyeusi. Unaongeza moto, mambo yanazidi kuharibika. Mwishowe mkono unatafuta tupa.

Tupa hiyo irudishe kwanza.

Ncha ya pasi ya siku hizi si kipande kimoja cha metali. Kiini chake ni shaba, kwa kuwa shaba hupitisha joto karibu mara tano kuliko chuma. Tatizo la shaba ni kwamba bati lililoyeyuka huila, na bati ndilo sehemu kubwa ya lehemu. Huimega kidogo kidogo, kama maji yanavyomaliza bonge la chumvi. Kwa hiyo watengenezaji huivika shaba hiyo koti jembamba la chuma. Chuma nacho huliwa, ila polepole sana. Nyuma ya sehemu inayofanya kazi huongezwa kromu, ambayo lehemu haiipendi kabisa, ili isipande juu kuelekea kwenye mpini.

Zamani ncha zilikuwa shaba tupu, na fundi aliinoa kwa tupa kila ilipochimbika. Ushauri wa wakati ule bado unazunguka, ingawa ncha zimebadilika. Mimi niliufuata kwenye ncha yangu ya kwanza, na kusema kweli nilijiona fundi: iling'aa, ikanywa lehemu kuliko ilipokuwa mpya. Baada ya siku chache kikatokea kitundu ubavuni. Nikachokonoa kwa sindano, ikazama. Shaba ya ndani ilikuwa imeliwa, limebaki ganda la chuma tu, kama jino lililotoboka.

Sasa weusi wenyewe. Chuma kikipata moto hewani hushikana na oksijeni na kujifunika utando wa oksidi, na kadiri moto unavyopanda ndivyo utando unavyoenea haraka. Lehemu haigandi juu ya metali kama gundi. Huungana nayo pale zinapogusana uso kwa uso. Oksidi ikikaa katikati, hakuna muungano. Flaksi, dawa ya kusafisha metali iliyomo ndani ya waya wa lehemu, huweza kula utando mwembamba uliotokea sasa hivi, lakini ukishakomaa haiuwezi. Joto nalo halipiti tena, kwa sababu daraja la lehemu iliyoyeyuka kati ya ncha na kiungo, yaani mahali unapounganisha, limekosekana. Zimebaki sehemu mbili kavu zinazogusana kwa nukta chache. Fundi anadhani pasi haina moto, anapandisha, na oksidi inanenepa zaidi.

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Ncha huchakaa zaidi ikipumzika kuliko ikifanya kazi. Inapokuwa kazini imefunikwa na lehemu, hewa haikifikii chuma. Lakini sisi tunamaliza kiungo, tunaifuta ncha safi kabisa kwa nia njema, tunaiweka kwenye stendi na kwenda kutafuta kipuri. Ncha imebaki uchi kwenye nyuzi 350 za Selsiasi. Itazame: mng'ao unafifia, inakuja rangi ya manjano iliyokolea, halafu zambarau, halafu kijivu cheusi. Utaratibu wenyewe ni kinyume: futa unapotaka kuanza, vika lehemu unapotaka kuipumzisha. Na kama hutairudia kwa muda, zima au teremsha moto.

Ukitumia sponji, iwe na unyevu tu, isichuruzike, maana maji mengi huipoza ncha ghafla na mshtuko wa kila mara hupasua lile koti. Mimi napendelea nyuzi za shaba ya manjano, zile zilizosokotwa kama za kusugulia sufuria, kwa kuwa hazina maji na ni laini kuliko chuma.

Moto wa kiasi gani? Lehemu ya bati asilimia 63 na risasi asilimia 37 huyeyuka kwenye nyuzi 183. Ile isiyo na risasi, yenye fedha na shaba kidogo, huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 217. Pasi huwekwa juu ya hapo, kati ya 320 na 370, kwa sababu kiungo hunyonya joto. Zaidi ya 400 unaiunguza ncha. Tangu Umoja wa Ulaya ulipobana matumizi ya risasi katika vifaa vya umeme mwezi Julai 2006, lehemu zisizo na risasi zimeenea, na kwa kuwa karibu zote ni bati, hukila chuma haraka zaidi.

Ncha iliyokwisha kuwa nyeusi haihitaji msasa. Teremsha moto, yeyushia lehemu yenye flaksi, sugua kwenye zile nyuzi za shaba ya manjano, rudia mara nyingi bila haraka. Ipo pia pasta maalumu ya kufufua ncha. Ikiwa imetoboka, nunua nyingine.

Kuhusu moshi, watu huogopa mvuke wa risasi. Risasi huchemka kwenye zaidi ya nyuzi 1,700, hivyo kwenye joto la pasi haitoi mvuke wa kutajika. Moshi unaouona ni wa flaksi, ambayo mara nyingi hutokana na utomvu wa msonobari, na moshi huo umewaletea pumu wafanyakazi wanaouvuta kila siku. Usiinamie kazi, weka feni ya kuuvuta pembeni. Risasi yenyewe huingia kwa mikono: nawa kabla ya kula, na usiubane waya wa lehemu kwa meno mikono inapopungua.

Pasi ikidondoka, iache ianguke. Imeumbwa kama kalamu, na vidole huikamata mbele kabla akili haijafika. Ukiungua, weka kidonda chini ya maji baridi ya bomba kwa dakika 20, si mafuta wala dawa ya meno. Kifaa unachotengeneza kichomoe kwenye umeme, na ukumbuke kapasita, kipuri kinachohifadhi umeme, hubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa.

Siku ikiisha, yeyushia ncha tone nene la lehemu, zima, iache ipoe nalo. Kesho tone hilo litakuwa limefifia kwa nje. Pasi ikipata moto, lifute mara moja: chini yake ncha inang'aa kama kioo.