Akromegali si urefu

Hapa Dodoma neno akromegali limeanza kutumika ovyo. Kijana akipita Nyerere Square kichwa kikiwa juu ya watu wote, utasikia, "Huyo ana akromegali." Hapana. Akromegali ni hali ya mtu mzima ambaye mwili wake una homoni ya ukuaji iliyozidi, karibu kila mara kwa sababu ya uvimbe usio saratani kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo. Jina alilitoa daktari Mfaransa Pierre Marie mwaka 1886.

Kinachosahaulika ni umri. Mifupa mirefu ya mtoto ina sehemu laini karibu na ncha, na hapo ndipo inaporefukia. Homoni ikizidi wakati huo, mtoto hurefuka kupita kiasi, na hiyo ni hali nyingine, gigantizimu. Sehemu hizo zikishafunga baada ya balehe, homoni haiongezi hata sentimita moja. Inakwenda kwenye mifupa inayoweza kunenepa, na kwenye gegedu.

Ndiyo maana dalili nyingi ziko kichwani. Fuvu huwa nene, vyumba vya hewa ndani ya paji hutanuka, mfupa wa juu ya macho hutokeza, na taya la chini husogea mbele hadi meno yanaachana. Kofia ya siku zote inabana. Sikio, kwa kuwa limejengwa kwa gegedu, hukua na kunenepa, na wapo wanaopungukiwa usikivu. Haya yote huja polepole mno, hata wa nyumbani hawaoni. Picha ya kitambulisho cha zamani ndiyo inayosema.

Linaloniuma zaidi ni kuona wazee wa Kigogo wenye ndewe pana nao wakitiwa humo. Ndewe hutobolewa na kutanuliwa kwa mapambo tangu ujana. Ncha ile ya sikio ni ngozi na mafuta tu, haina gegedu, na sikio la juu yake limebaki kama lilivyokuwa. Ule ni urembo wa watu wenye heshima zao, si ugonjwa.

Basi ndugu zangu, mrefu mwacheni na urefu wake. Lakini mtu mzima ambaye viatu vimeanza kumbana, pete haivuki kiungo na kichwa kinamuuma mara kwa mara, mshaurini amwone daktari, aulizie kipimo cha damu cha IGF-1, kemikali ambayo mwili huitoa ukichochewa na homoni ya ukuaji. Homoni ya ukuaji yenyewe hupanda na kushuka ndani ya siku moja, hivyo kuipima mara moja hakutoshi.