Koti la nini, kwani naenda Ulaya?

Nauza tikiti za ndege hapa Mombasa, na kila kipupwe kikiingia najua swali hilo litakuja. Julai ya mwaka jana lilikuja na ami mmoja, muuza vipuri vya magari, anayekwenda Johannesburg kwa mara ya kwanza. Kavaa kanzu na makubadhi. Nikamwambia abebe koti zito na soksi za sufu. Akanitazama kama niliyemtukana. "Koti la nini, mwanangu? Kwani naenda Ulaya? Afrika Kusini si Afrika?"

Ni Afrika, ndiyo. Lakini wateja wangu wengi wanaamini kwamba ukiwa ndani ya Afrika ni joto, na baridi inaanza ukishavuka Bahari ya Kati. Hawaulizi mji uko juu kiasi gani kutoka baharini, na hilo ndilo swali la kwanza. Sisi tuko pwani. Johannesburg iko takriban mita 1,750 juu ya bahari, na kwa kila mita 1,000 unazopanda hewa hupoa digrii 6 hivi. Mfano tunao hapa hapa nyumbani: Nairobi iko karibu zaidi na ikweta kuliko Mombasa, na bado Julai watu wake wanashinda na masweta. Mlima Kenya umekaa pale pale kwenye ikweta na una barafu kileleni, ingawa inapungua. Haya watu wanayajua tangu shule ya msingi, kisha wakifika mezani kwangu wanayasahau.

La pili ni majira. Julai ni wakati wa baridi kusini kote kwa ikweta, sisi tukiwemo. Hicho ndicho kipupwe chetu, upepo wa kusi ukivuma na mchana ukishuka hadi digrii 27 au 28. Ila sisi tuko digrii 4 tu kusini mwa ikweta, na saa ya jua kuzama kwetu haisogei sana mwaka mzima. Johannesburg iko digrii 26. Julai kule jua linazama kama saa kumi na moja na nusu jioni, na likizama linaondoka na joto lake. Mchana unapata digrii 17, alfajiri 4 au chini ya hapo. Na nyumba nyingi hazina mitambo ya kupasha joto! Hapa Mji wa Kale wazee walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe na vichochoro vya kivuli ili joto libaki nje. Kule adhuhuri utawaona watu wametoa viti nje waote jua, maana ndani ndiko kwenye baridi zaidi.

Ami alinipigia simu siku ya pili, hata adhana ya alfajiri haijalia. Kalala na kanzu, suruali na blanketi mbili. "Mwanangu, maji ya kutawadha ni barafu." Nikamuuliza kama kanunua koti. Kanunua, kwa pesa ambazo sokoni Kongowea, hapa Mombasa, zingempatia makoti matatu.

Mengine wanayoyasema wateja ni mepesi. "Mtu wa Mombasa hashindwi na joto." Hashindwi na joto la Mombasa. Letu lina unyevu, jasho linakutiririka, unajua mapema kwamba unahitaji maji. Aswan, kusini mwa Misri, mchana wa Julai hupita digrii 40 na hewa ni kavu: jasho hukauka kabla hujaliona, ukadhani hutoki jasho. Kunywa kabla ya kiu, adhuhuri lala, sokoni nenda usiku.

"Masika yakishapita hakuna mvua." Hiyo ni kalenda yetu. Addis Ababa mvua kubwa hunyesha Juni hadi Septemba. Mwaka mpya wa Waethiopia huangukia Septemba, mvua zikiisha na maua ya manjano yakichanua. Cape Town nayo hunyeshewa wakati wa baridi yake, Juni hadi Agosti.

"Sahara ni mchanga mtupu." Mchanga ni kama robo tu, iliyobaki ni mawe, changarawe na milima.

Anayekwenda Kano Januari atakutana na harmattan, upepo mkavu wa vumbi kutoka Sahara, unaopasua midomo. Beba mafuta ya mgando. Hayo nawaambia wote, popote waendapo, na sijaona aliyerudi akalalamika kwamba aliyabeba bure.

Januari hii ami karudi. Johannesburg tena. Kaskazi imeshika, jasho linamtoka, na koti liko begani. Nikamwambia aliache: Januari kule ni kiangazi, jioni kuna radi na mara nyingine mvua ya mawe, bora achukue mwavuli.

"Kule nimelala mimi, mwanangu, hukulala wewe," akasema, akaondoka na koti lake.